Sura ya Saba: Tumwiteje Anayeanza?

Januari 2004, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, mjini Eldoret, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 84. Mwaka mmoja kabla yake serikali ya Kenya ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi, naye akaona hiyo ndiyo nafasi aliyoikosa utotoni. Alivaa sare, akaketi na watoto waliolingana na vitukuu wake, akaanza na herufi. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Alifariki mwaka 2009, bado anasoma.

Sasa chukua kalamu uandike sentensi moja juu yake: "Mzee Maruge alikuwa..." Alikuwa nani? Mwanafunzi: sawa, hakuna atakayekupinga. Ngumbaru: karibu, lakini si hasa, kwa kuwa ngumbaru ni mtu mzima anayesoma katika madarasa ya watu wazima, na yeye alisoma na watoto. Chipukizi: hapana, umri haukubali. Mwanagenzi: labda, ikiwa unamaanisha mwanagenzi wa kusoma na kuandika, ingawa neno hili hupenda zaidi kukaa karakana kuliko darasani. Limbukeni: hapo utakuwa umemtukana mzee wa watu.

Maneno matano, na yote kamusi ingeweza kuyaeleza kwa maneno yanayofanana: mtu anayeanza. Ndiyo maana anayejifunza Kiswahili, na hata mzawa anayeandika haraka, huyachanganya. Kosa lenyewe si dogo. Ukikosea jina la kifaa, msikilizaji atakuelewa vibaya kwa dakika moja. Ukikosea jina la mtu anayeanza, unamwambia yeye na wote wanaokusikia kwamba hapo alipo ndipo mahali pake. Katika sura hii tutayapitia maneno ya aina hii moja baada ya jingine, tuone yanavyokaa katika sentensi za kila siku.

Mwanagenzi: anayejifunza kazi kwa mikono yake

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi au fani kwa kuifanya, chini ya anayeijua. Wingi wake ni wanagenzi, na hali yenyewe ni uanagenzi. Hufuata upatanisho wa watu: mwanagenzi huyu amefika, wanagenzi hawa wamefika.

Linalowatatiza wengi ni neno linalofuata baada ya "wa". "Mwanagenzi wa useremala" hutaja kazi anayojifunza. "Mwanagenzi wa fundi yule wa Kariakoo" humtaja aliye juu yake. Zote mbili ni sahihi, ila "mwanagenzi wa seremala" haiwezi kushika nafasi ya "mwanagenzi wa useremala". Ya kwanza inasema ni wa nani, ya pili inasema anasomea nini. Ukitaka kusema yote mawili, sema: "Ni mwanagenzi wa useremala kwa fundi yule wa Kariakoo."

Sikiliza neno hili likifanya kazi katika duka la ushonaji. Mteja ameleta kitambaa cha harusi, amemwona kijana mgeni kwenye cherehani, roho haijatulia.

"Fundi, huyu ndiye atakayenishonea?"

"Hapana, mama. Huyu mwanagenzi wangu. Yeye anatia vifungo na kupiga pasi. Kukata nakata mwenyewe."

"Haya. Mwanangu, jifunze vizuri, nguo ya mwakani utanishonea wewe."

Neno hilo moja limefanya mambo matatu. Limemtuliza mteja, kwa kuwa limemweleza kazi iko mikononi mwa nani. Limemlinda kijana, kwa kuwa halikumwita asiyejua, limemwita anayejifunza. Na limemfungulia mteja nafasi ya kumtakia heri. Jaribu kuweka "huyu bado hajui kazi" mahali pale pale, uone kama mama yule angemwita mwanangu.

Mafundi wengi, kusema kweli, hawalitamki sana neno hili. Utawasikia wakisema "anajifunza kwangu", "kijana wangu huyu", au "yuko kwa fundi". Semi hizi zote ni nzuri na zina adabu. Lakini "saidia fundi", unalolisikia kwenye ujenzi, si kisawe chake. Saidia fundi hubeba matofali, huchanganya zege, hupandisha ndoo; analipwa kwa siku, na hakuna aliyeahidi kumfundisha kujenga. Anaweza kuifanya kazi hiyo miaka mingi bila kushika mwiko. Akianza kufundishwa kupanga tofali kwa kamba na timazi, hapo ndipo amekuwa mwanagenzi. Mwandishi wa habari anayemwita kila kijana wa kwenye jengo mwanagenzi anaficha jambo ambalo msomaji alistahili kulijua: kwamba wapo wanaotumwa tu.

Wahenga walilijua jambo hili waliposema: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Kusana ni kufua chuma. Kuvukuta ni kupuliza moto kwa mivukuto. Mtoto ambaye mkono wake haujaweza nyundo ana kazi tayari, na kazi hiyo inamweka pembeni ya moto ule ule anaotumia baba yake. Huo ndio uanagenzi: kazi ndogo ndani ya kazi kubwa, mahali ambapo macho yanaona kila kitu.

Katika Tanzania ya leo neno hili limepata pia maisha ya kiofisi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na ofisi za serikali zinazoshughulikia ajira za vijana husema "mafunzo ya uanagenzi", wakimaanisha mpango ambao kijana hugawa muda wake kati ya chuo na kiwanda. Hapa yapasa kulitenganisha na utarajali. Mtarajali amekwishamaliza masomo yake na yuko kazini kupata uzoefu kabla ya kutambuliwa kikamilifu: daktari mtarajali, mhandisi mtarajali. Ukisema "daktari mwanagenzi" utawatisha wagonjwa bila sababu, kwa kuwa utakuwa umewaambia kwamba bado anajifunza tiba kwa kuitazama.

Mwanafunzi na majina ya nyumba maalumu

Mwanafunzi ni neno pana kuliko yote, na upana wake una historia. Leo tukilisikia tunaona sare na daftari. Zamani lilimtosha pia kijana wa karakana, na bado linamtosha: "mwanafunzi wa udereva" ni usemi wa kila siku, na kijana wa gereji anaweza kujitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa fundi fulani. Biblia ya Kiswahili huwaita wafuasi wa Yesu wanafunzi wake, na msomaji haoni ajabu, kwa kuwa mwanafunzi si lazima awe na dawati; lazima awe na anayemfunza. Kwa hiyo ukikosa neno mahususi, mwanafunzi hatakutupa.

Tahadhari moja inatosha hapa. Mwanachuo na mwanachuoni si mtu mmoja. Mwanachuo ni anayesoma chuoni, hata kama ameingia wiki hii. Mwanachuoni ni msomi aliyebobea, hasa katika elimu ya dini, ambaye watu humwendea kwa fatwa na ufafanuzi. Silabi moja ya mwisho inaweza kumpandisha kijana hadi kiti cha mashekhe, au kumshusha shekhe hadi foleni ya kujiandikisha.

Nyumba za imani na za mila zina majina yao, na mwandishi mwangalifu huyaazima kama yalivyo. Katika tarika, anayemfuata shekhe ili aongozwe ni muridi. Kwa Wakatoliki, anayejiandaa kubatizwa ni mkatekumeni, na aliyeingia utawani akiwa bado hajaweka nadhiri za kwanza ni mnovisi. Katika jando na unyago, kijana anayefundwa ni mwari, wengine hutamka mwali, naye yuko chini ya kungwi. Usimwite mwari mwanafunzi wa unyago. Sentensi itaeleweka, lakini itanuka ofisi, na wenye shughuli watajua hukuwahi kukaa karibu nayo.

Kuruta, njuka, mono: majina ya kupewa mlangoni

Yapo maneno ambayo anayeanza hayachagui. Hukabidhiwa siku anapoingia. Kuruta ni mojawapo. Tanzania imelizoea kupitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ambamo vijana wengi wameitwa hivyo tangu siku ya kwanza ya kunyolewa nywele. Kenya husema zaidi kurutu, na magazeti huandika "zoezi la kuwasajili makurutu". Upatanisho ni wa watu ingawa wingi una ma-: kuruta huyu amechoka, makuruta hawa wamechoka. "Makuruta haya yamechoka" ni kosa, na linamgeuza mtu kuwa kitu.

Kuruta ana mwisho unaojulikana. Siku ya kumaliza mafunzo na kula kiapo, jina linamwondoka. Tanzania watasema amehitimu; Kenya watasema amefuzu. Kwa sababu hiyo sentensi "Ni kuruta wa miaka kumi" haisimami, isipokuwa msemaji anakusudia kukemea. Na ukimwita karani mpya wa benki kuruta, unamwambia kwamba mtamkimbiza, mtamwamrisha, mtamvunja kwanza ndipo mmjenge. Kama sivyo mnavyofanya kazi, chagua neno jingine.

Shule za bweni nazo zina yao. Tanzania aliyeingia kidato cha kwanza huitwa njuka. Kenya anayeanza sekondari huitwa mono. Maneno haya ni ya wanafunzi wenyewe, yana uchangamfu wa umri ule, na watu wazima huyakumbuka kwa kicheko. Lakini pia ndiyo maneno yaliyotumiwa kuwaita wenzao wakafue nguo za wakubwa, wakabebe maji, wakalale chini ya vitanda. Mwalimu anayeandika ripoti, au mzazi anayeandika barua, aandike "wanafunzi wa kidato cha kwanza". Njuka libaki kwenye mazungumzo ya waliokuwa njuka. Anayelitumia kutoka juu analipa nguvu ambayo halikustahili kupewa.

Chipukizi, kinda, mchanga: anayeanza akiwa tayari ameonekana

Chipukizi hutokana na kuchipuka, na hudai masharti mawili: umri mdogo, na dalili ya uwezo ambayo watu wameanza kuiona. Msanii chipukizi amekwishapanda jukwaani. Mwandishi chipukizi amekwishaandika kitu ambacho mtu mwingine amekisoma. Kijana aliyenunua gitaa jana hajawa mwanamuziki chipukizi, anajifunza gitaa. Na mama wa miaka 55 aliyeanza kutunga mashairi baada ya kustaafu si chipukizi hata kama mashairi yake yanasifiwa. Mwite mshairi mpya, au sema ameanza kutunga hivi karibuni.

Kisarufi neno hili halibadiliki linapofuata jina: mwandishi chipukizi, waandishi chipukizi. Kuandika "waandishi wachipukizi" ni kulivisha vazi lisilolitaka. Likisimama peke yake kwa maana ya mtu, hufuata upatanisho wa watu: chipukizi huyu, chipukizi hawa, na wengine husema machipukizi hawa. Likiwa la mmea, mambo hubadilika: machipukizi haya ya mwembe yameliwa na mbuzi. Tanzania kuna matumizi mengine yanayofaa kukumbukwa: Chama Cha Mapinduzi huwaita Chipukizi watoto walio chini ya jumuiya yake ya vijana. Kwa hiyo sentensi "Amekulia katika Chipukizi", kwa herufi kubwa, inazungumzia chama, wala haihusu kipaji.

Watangazaji wa mpira wamejichagulia kinda. "Kinda huyo wa miaka 17 amefunga bao lake la kwanza" ni sentensi sahihi na tamu. Angalia: kinda huyo, makinda hao, kwa kuwa tunasema juu ya mchezaji. Kinda la njiwa limeanguka, lakini kinda wa timu ya taifa ameanguka.

Muziki wa kizazi kipya una neno lake, andagraundi, nalo ni tofauti na chipukizi kwa jambo moja muhimu: halijali umri wala muda. Msanii anaweza kuwa andagraundi kwa miaka mingi, ana nyimbo, ana kipaji, ila "hajatoka". Kutoka, kwa lugha yao, ni kujulikana, na wimbo uliomfikisha hapo ndio "uliomtoa". Ukimwita chipukizi msanii wa miaka 35 anayeimba tangu shuleni, utamuudhi. Mwite andagraundi, atakubali, kisha atakueleza kwa nini redio hazimpigi.

Kivumishi -changa ni cha upole zaidi na hufika mbali zaidi, lakini kinadai upatanisho kila kinapokwenda: mwalimu mchanga, walimu wachanga, chama kichanga, timu changa, taifa changa. Kinasema kwamba muda haujatosha, basi. Hakilaumu. Kiongozi akiitwa mchanga kisiasa, anayesema hivyo anaweza kuwa anamtetea au anamshusha. Sentensi inayofuata ndiyo itakayoamua. Kwa hiyo usikiache -changa peke yake mwishoni mwa aya ukadhani umeeleweka. Endelea: mchanga, kwa hiyo apewe muda, au mchanga, kwa hiyo asipewe wizara.

Limbukeni: neno linalohukumu mwenendo

Sasa tufike kwenye neno linalokosewa kuliko yote. Asili yake ni shamba na ni njema. Kulimbua, au kulimbuka, ni kuonja mazao ya kwanza ya msimu. Malimbuko ni hayo mazao ya kwanza, na Biblia hulitumia neno hilo kwa matoleo yanayopelekwa mbele ya Mungu kabla ya mavuno mengine kuguswa. Ipo hata methali isemayo mlimbua nchi ni mwananchi. Limbukeni, basi, kwa msingi wake ni mtu anayekipata au kukifanya kitu kwa mara ya kwanza.

Lakini matumizi ya kila siku yameliongezea jambo. Limbukeni wa leo amepata kitu kwa mara ya kwanza na kimemlevya. Amepata simu mpya, kila mtu lazima aione. Amepata cheo, hasalimii tena. Amepata gari, anapiga honi mtaani usiku wa manane. Ndiyo maana husemwa limbukeni hana siri. Neno limehama kutoka kwenye kutojua hadi kwenye kutojizuia.

Viambatani vyake vinathibitisha hivyo. Tunasema limbukeni wa cheo, limbukeni wa mali, ulimbukeni wa madaraka. Hatusemi limbukeni wa kushona, wala limbukeni wa hesabu, kwa sababu mtu haleweshwi na kutia vifungo. Ukiona kinachofuata neno hili ni ujuzi, simama ulitazame tena. Ukiona ni tunu, yaani kitu cha kutamaniwa, huenda uko sawa.

Kwa hiyo sentensi "Kozi hii ya kompyuta ni ya malimbukeni" ni kosa, hata kama aliyeiandika alikuwa na kamusi mkononi. Ataitangaza, lakini hatapata mwanafunzi. Iwe: "Kozi hii ni ya wanaoanza kutumia kompyuta." Kinyume chake, "Meneja mpya ni mwanagenzi wa madaraka, ametufokea wote asubuhi" nayo haifai. Imempa heshima ya kujifunza mtu ambaye tabia yake inaonyesha hajifunzi. Huyo ndiye limbukeni.

Kuna mlango mmoja ambao neno hili hupita salama, nao ni wa mtu kujisemea mwenyewe. Mgeni kwenye mkutano anaweza kuanza: "Wazee wangu, mimi limbukeni katika mambo haya, niwieni radhi." Hapo ni unyenyekevu, na wazee watamjibu kwa upole. Lakini ruhusa hiyo ni yake peke yake. Anayemfuata kuzungumza hawezi kusema "kama alivyosema huyu limbukeni". Maneno mengi ya unyonge katika Kiswahili yana sheria hii: mwenyewe anaweza kujivika, wewe huwezi kumvika.

Na usilichanganye na kulimbika, ambalo ni kukusanya kidogo kidogo mpaka kiwe kingi. Anayelimbika fedha anaweka akiba. Anayezilimbuka anazionja kwa mara ya kwanza.

Mgeni na mjinga

Mgeni ndilo neno la adabu kuliko yote kwa anayeanza mahali. "Mimi mgeni hapa kazini, naomba unielekeze" ni sentensi inayofungua kila mlango kuanzia Lamu hadi Kigoma, kwa sababu inamkumbusha msikilizaji wajibu wake wa mwenyeji. Linaweza pia kufuatwa na jambo: mgeni wa jiji, mgeni katika siasa, mgeni wa teknolojia hii. Ila lina muda wake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aliyekaa ofisini mwaka mzima akiendelea kusema "mimi mgeni" anaomba asamehewe, na sentensi yake imekwisha nguvu.

Mjinga ana historia yenye uchungu. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, neno hili lilitumika kwa mtu aliyeletwa karibuni kutoka bara, mara nyingi mtumwa, ambaye hakuwa bado amejua lugha na desturi za mji. Kinyume chake alikuwa mzalia, aliyezaliwa pale pwani. Mjinga, basi, alikuwa mgeni asiye na mwenyeji. Hakukosa akili. Alikosa aliyemwelekeza kwa wema. Baadaye neno likaja kumaanisha kutojua kwa jumla, na leo wengi hulitumia kama tusi tu.

Hata hivyo maana ya kutojua haijafa. Kuuliza si ujinga, tunasema, tukimaanisha kwamba kutojua si aibu kwa anayetafuta kujua. Mwalimu Nyerere alipoutaja ujinga pamoja na umaskini na maradhi kuwa maadui wa taifa, na Tanzania ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ujinga uliopigwa vita ulikuwa ule unaofutika kwa ubao na chaki. Hapo ndipo penye tofauti ya mjinga na mpumbavu: ujinga hutolewa kwa kufundishwa. Hata hivyo, uandikapo juu ya watu walio hai, sema "wasiojua kusoma na kuandika". Ni maneno mengi zaidi, na kila moja linawastahi.

Anayeanza si mwanzilishi

Wanaofasiri vitabu vya mafunzo hutafuta neno moja la kuweka jaladani, na baadhi huangukia kwenye mwanzilishi. "Kiingereza kwa Waanzilishi." Kosa hili ni kubwa kwa sababu linageuza maana juu chini. Mwanzilishi ni aliyekianzisha kitu ambacho hakikuwapo. Waliokutana Dar es Salaam Julai 1954 wakaunda TANU ni waanzilishi wa chama kile, au waasisi wake. Aliyejiunga mwaka 1960 akiwa hajui hata nyimbo za chama alikuwa mwanachama mpya. Kiingereza hakina mwanzilishi anayehitaji kitabu cha somo la kwanza.

Kiswahili kinapenda kitenzi mahali hapa, na tukiruhusu kifanye kazi yake: wanaoanza. "Kiingereza kwa Wanaoanza." "Mazoezi ya kuogelea kwa wanaoanza." "Anayeanza ufugaji asinunue kuku wengi mara moja." Kirejeshi hiki hakimhukumu mtu, hakitaji umri wala cheo, na kinasema kweli: anaanza, leo, sasa. Ukikosa uhakika na maneno yote ya sura hii, hili litakufikisha.

Jihadhari tu na "wa mwanzo". "Wanafunzi wa mwanzo wa shule hii" ni wale waliosoma siku shule ilipofunguliwa. Wengine sasa ni wazee. Wanafunzi wanaoanza ni wale walioko getini na masanduku.

Sentensi za kujipima

Soma sentensi hizi, ziba masahihisho kwa mkono, ujaribu kwanza mwenyewe.

1. "Hospitali imepokea madaktari wanagenzi kumi." Iwe: madaktari watarajali.
2. "Bibi yangu ni chipukizi katika ufumaji." Iwe: Bibi yangu ndiyo kwanza anaanza kufuma.
3. "Makurutu yale yamefuzu." Iwe: Makurutu wale wamefuzu.
4. "Natafuta fundi wa kunifundisha, mimi ni mwanzilishi wa uchomeleaji." Iwe: ndiyo kwanza naanza uchomeleaji.
5. "Diwani mpya ana uanagenzi wa cheo, hapokei simu za watu." Iwe: ana ulimbukeni wa cheo.
6. "Waimbaji wachipukizi watatumbuiza." Iwe: Waimbaji chipukizi.

Ukizipitia tena utaona jambo linaloyaunganisha maneno haya, nalo ndilo kipimo ninachokuomba ukichukue kuliko sheria zote za upatanisho. Karibu kila neno la anayeanza lina mwenzake wa mbele. Mwanagenzi atakuwa fundi. Kuruta atakuwa askari. Mnovisi atakuwa mtawa, mwari atakuwa mtu mzima, chipukizi na andagraundi watakuwa nyota, mgeni atakuwa mwenyeji. Hata mjinga ana kitenzi chake, kuerevuka. Limbukeni hana. Hakuna cheo ambacho limbukeni huhitimu na kukiingia. Anachoweza ni kuacha tu.

Basi kabla ya kumwita mtu jina la anayeanza, jiulize: neno hili linamwelekeza wapi? Kama lina mwenzake wa mbele, na mwenzake huyo ndiye unayetaka mtu huyu awe, umechagua vizuri, na makosa ya upatanisho tutayasahihisha pamoja. Kama halina, hakikisha unazungumzia mwenendo wake ulioushuhudia, wala si upya wake. Kila anayekisema Kiswahili vizuri leo alikuwa anayeanza mbele ya mtu fulani, na mtu huyo alikuwa na maneno haya haya ya kuchagua.